Flashi ya Watu Imenivua Nguo

Jirani, kabla hujaniambia unataka kopi ngapi, nisikilize kwanza. Mtu unaweza kunyimwa ruhusa na kompyuta yako mwenyewe. Umeinunua kwa hela yako. Umeilipia umeme. Unaifuta vumbi kila asubuhi. Halafu inakuandikia kwa Kizungu, Permission denied. Unanyimwa na nani sasa? Mwenye nyumba hayupo. Mwenyekiti wa mtaa hayupo. Mko wewe na yenyewe tu hapo mezani, na wateja wanawaangalia.

Mimi unanijua, ni mtu wa steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga pasipoti saizi, vyeti navitia laminesheni. Kompyuta naijua kuanzia kitufe cha kuwasha hadi kitufe cha kuprinti. Hapo katikati nasikia kuna mambo mengi, sijawahi kuyaulizia.

Na Linux niliwekewa, sikuomba. Mpwa wangu yuko chuo anasomea mambo hayo hayo. Alikuja likizo akakuta kila flashi inayoingia kwenye laptopu yangu inatoka na ugonjwa. Si unaujua ule wa mafolda kugeuka shotikati? Mteja anakuja na sivii, anaondoka na shotikati. Dogo akasema, "Anko, kwa Windows hii utafukuza wateja wote. Nakuwekea Ubuntu." Nikamwambia weka. Mimi ni mtu wa kusema weka. Nilidhani ni antivairasi.

Basi tukaishi hivyo kwa amani, mpaka akaja binti mmoja wa chuo na flashi imeshang'oka kifuniko. "Anko, risechi yangu yote imo humu, na haifunguki." Sauti inatetemeka. Ukiichomeka, inaonekana. Unafurahi. Inapotea. Inarudi. Inapotea tena. Mtu mwenye akili zake angemwelekeza Kariakoo kwa mafundi. Mimi nikasema, "Iache hapo dada, nitakupigia." Sijui kwa nini. Mdomo wangu una biashara zake, haunishirikishi.

Nikampigia dogo. Hata salamu hakupokea. "Anko, usiiguse! Flashi inayokufa kila ukiifungua inazidi kufa. Itolee imeji kwanza, halafu umaunti hiyo imeji. Flashi yenyewe iweke pembeni ipumzike." Nikajibu sawa, ile sawa ya mtu ambaye hajaelewa hata herufi.

Akanifafanulia taratibu, kwa sauti ya kuongea na wazee. Imeji ni faili moja tu. Ila ndani yake kimenakiliwa kila kitu kilichomo kwenye flashi, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho: mafaili, majina yake, na hata zile sehemu tupu zisizo na kitu. Ndiyo maana flashi ya 8GB inazaa faili la karibu 8GB hata kama risechi yenyewe ni kurasa sitini. Kumaunti sasa, ni kulipachika lile faili kwenye folda, Linux ilichukulie kuwa ni diski ya kweli. Unafungua folda, unakuta vitu vya watu. "Rahisi tu, anko." Watu wanaosema rahisi tu huwa hawapo pale unapofanya.

Akaniambia nianze na boksi la mazoezi, nisijifunzie kunyoa kwenye kichwa cha binti wa watu. Haya. Kila amri ya maana unaitangulizia sudo, yaani unafanya kwa mamlaka ya root, mkubwa wa mashine. Inakuomba nywila. Unaandika. Hakuna kinachotokea. Hakuna nyota, hakuna kidoti, hakuna hata pole. Nikajua kibodi imekufa. Nikaing'oa, nikaigeuza, nikaigonga mgongoni, zikadondoka chenga za maandazi. Nikarudia pole pole, natamka herufi moja moja nisikosee. Kumbe kile kimya ndivyo kilivyopangwa, ili aliye nyuma yako asijue hata nywila yako ina herufi ngapi. Aliye nyuma yangu alikuwa Mangi, amekuja kuomba chenji. Tangu siku ile Mangi ananisalimia kwa nywila yangu.

Dogo akasema niandike truncate -s 500M boksi.img, nipate faili tupu la 500M. Nikajiuliza, kwa nini mtu mzima niridhike na mia tano? Nikaweka 1T. Ikakubali! Hata kupumua hujamaliza. Laptopu yenye diski ya 250GB imenipa faili la terabaiti nzima. Nikaandika ls -lh kuhakiki, hiyo hapo, 1.0T, imeandikwa na mashine, siyo mimi. Nikamwita jirani yangu wa duka la simu, yule anayejidai na memori kadi zake. Nikamwambia bwana, biashara yako imekwisha, mimi siku hizi nafasi najitengenezea mwenyewe. Akaisogelea skrini. Akanyamaza. Akaniuliza kama naweza kumkatia kidogo.

Tulishafika kwenye bei, dogo yuko kwenye spika, akasema, "Anko, hebu andika du -h boksi.img." Nikaandika. Ikajibu 0.

Sifuri, jirani. Truncate inaandika ukubwa tu, diski bado haijatoa chochote. Ni kiwanja kilichopimwa na kupigwa bikoni, tofali hata moja hakuna. Nafasi inaanza kuliwa pale unapotia vitu, na ukitia vingi diski ya kweli ikijaa, umekwisha, hiyo terabaiti haikusaidii. Wa duka la simu aliyasikia yote. Akaondoka bila kuaga. Sasa hivi mtaani wananiita Tera.

Nikashuka kwenye 500M kwa adabu zote. Nikapiga sudo mkfs.ext4 boksi.img, hapo ndipo boksi linapatiwa mfumo wa mafaili, maana bila huo ni baiti tupu zisizo na mpangilio. Ikamwaga manamba, nikatikisa kichwa kama naelewa. Kisha sudo mount -o loop boksi.img /mnt. Hiyo loop ni kifaa bandia, kinakaa kati ya faili na mfumo, kinalifanya faili lionekane diski. Vipo vingi: /dev/loop0, loop1, na kuendelea. Nilipoandika lsblk nivione, nikakuta vimejaa watu. Zile programu za snap za Ubuntu, Firefox akiwemo, kila moja imekuja na imeji yake, imejimaunti yenyewe, kila ninapowasha mashine. Miezi yote hiyo! Kumbe mle ndani kila mtu anajua kumaunti isipokuwa mwenye laptopu.

Boksi likafunguka. Nikamwita mama watoto aje kuona. Nikaburuta barua moja ya maombi ya kazi niitie humo, Permission denied. Mbele ya mke wangu. Sababu eti mfumo mpya wa ext4 kwa kawaida unaandikwa kwa jina la root, kwa hiyo mwenye boksi ni root. Ndani nikakuta na folda inaitwa lost+found, ya kuwekea vipande vya mafaili vinavyookotwa mfumo ukipata hitilafu. Nikaibonyeza nichungulie. Nimenyimwa. Nikaangalia nafasi, mia tano haikutimia. Nikaambiwa mfumo wenyewe umekula sehemu ya kuwekea kumbukumbu zake, na juu ya hapo ext4 kwa kawaida inamtengea root asilimia 5. Yaani boksi nimelitengeneza mimi, chumba kimoja siingii, fungu la mkubwa limekatwa kabla sijaweka kitu, na barua yangu moja inasubiri kibali. Mama watoto akauliza, "Sasa hapo wewe ni nani?" Akarudi jikoni. Dogo akanipa sudo chown, nikajiandikisha umiliki wa mali yangu.

Sasa flashi yenyewe. Dogo akanitajia dd. If= ni kinakotoka, of= ni kinakokwenda. Nikawa naandika huku nasoma kwa sauti, nimefika "of ni sawasawa na slashi dev slashi sda", simu ikapiga ukelele wateja wote wakageuka. "Anko! Sda ni diski yako! Toa mkono! Toa mkono!" Nikainua mikono yote miwili, kama nimekamatwa. Bibi mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniuliza kama nimepigwa shoti.

Na hii dd ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Nikitaka kuprinti ukurasa mmoja, mashine inaniuliza karatasi saizi gani, rangi au nyeusi, upande mmoja au mbili, nina uhakika? Lakini ukiiambia dd ifute diski nzima yenye kazi za miaka yote, haiulizi. Inafuta. Tena kimya kimya; usipoiongezea status=progress hutajua kama inafanya kazi au imesinzia, mpaka imalize. Watu wa fani wanaiita mteketeza diski, nao wanacheka, na wanaendelea kuitumia. Iko kwenye Unix tangu miaka ya 1970, na huo uandishi wake wa if= na of= umetokana na lugha ya mashine kubwa za IBM za enzi hizo. Miaka yote hiyo haijafunzwa kuuliza.

Dogo mwenyewe akaghairi. Flashi ni mbovu, na dd ikikutana na sehemu isiyosomeka inasusa papo hapo. Tutumie ddrescue. Nikanunua bando. Nikaitafuta ddrescue. Kumbe kwenye Ubuntu kifurushi unachopakua kinaitwa gddrescue, ukishakiweka ndiyo amri yenyewe inaitwa ddrescue. Nani alikaa kikao akapitisha hilo? Nikaandika nilivyoambiwa, sudo ddrescue /dev/sdb flashi.img flashi.map, baada ya kukagua kwa lsblk kwamba sdb ndiyo flashi kweli. Nikaikagua tena. Na tena. Bibi wa kitambulisho alikuwa bado yupo, ananiangalia mikono.

Hii sasa ina utu. Inakuonyesha imeokoa asilimia ngapi, imebakiza muda gani, sehemu mbovu ni ngapi. Nikavuta kiti, nikaagiza chai. Umeme ukakatika.

Betri ya laptopu yangu ni pambo, unajua. Nikakaa gizani na chai yangu. Nikamtumia yule binti meseji ndefu: dada pole sana, tumejitahidi, ila mambo ya mashine ni majaliwa, naomba usikate tamaa ya masomo. Akajibu kwa emoji za machozi, nikakosa hata usingizi. Asubuhi dogo akanicheka. Lile faili la flashi.map ndilo daftari lake: limeandikwa kipi kimeshaokolewa na kipi bado. Unarudia amri ile ile, neno kwa neno, inaendelea pale ilipoishia. Kweli ikaendelea. Inaanza kuzoa sehemu nzima, vibovu inaviruka, halafu inavirudia mwishoni kuvibembeleza. Mimi huku natunga meseji ya kufuta matanga.

Imeji ikakamilika kasoro vipande vidogo. Nikasema sasa namaunti. Ikagoma. Eti aina ya mfumo siyo, au opsheni mbaya, au superblock mbovu, au kuna kitu kimekosekana, au kosa jingine. Au kosa jingine! Hilo jibu hata mimi naweza kulitoa, na sijasoma.

Kumbe imeji ya flashi nzima inaanza na jedwali la sehemu za diski, mafaili yenyewe yako mbele kidogo. Fdisk -l flashi.img ikaonyesha sehemu inaanzia sekta ya 2048. Sekta moja ni baiti 512. Unazidisha, unapata 1,048,576, hiyo ndiyo unayoiandika kama ofseti: mount -o ro,loop,offset=1048576. Hiyo ro ni ya kusoma tu, usije ukaandika kitu kwenye mali ya watu. Nilizidisha kwa mkono nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika. Mama watoto akazidisha upya, kwa sababu ananifahamu. Tulipopata jibu moja, dogo akasema, "Ila anko, ungeandika tu losetup -fP, inazitafuta sehemu zote yenyewe." Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema nilionekana nafurahia hesabu.

Hapa sasa ndipo nilipovuliwa nguo, jirani. Ili umaunti lazima uwe na folda ya kupachikia. Dogo alisema /mnt. Mimi huko /mnt sina ndugu. Nikaona nipachike mahali ninapopajua, kwenye folda yangu ya Kazi, ambamo mna kila kitu cha dukani. Amri ikapita bila neno. Nikaandika cd Kazi, nikaingia, nikaangalia. Risechi hiyo hapo! Chapta ya kwanza hadi ya tano, na marejeo. Nikapiga kofi moja.

Halafu nikaangalia vizuri. Vya kwangu havipo. Barua hazipo. Mikataba ya pango haipo. Kadi za michango ya harusi hazipo, na mwenye kadi kasimama mbele yangu, anazitaka zote leo, kamati inakaa saa kumi. Jasho likaanza kwenye masikio. Sikujua masikio yanatoa jasho.

"Hazijafutika anko, zimefunikwa," dogo akasema. Ukimaunti juu ya folda yenye vitu, vile vya chini havionekani mpaka uondoe ulichopachika. Haya, naondoa. Nikaandika unmount. Hakuna amri hiyo. Nikaandika kwa herufi kubwa, labda haijasikia. Dogo akasema ni umount, haina n. Nikaandika umount. Ikajibu, target is busy. Inatumika.

Inatumiwa na nani? Nikafunga Firefox. Nikafunga kila dirisha la mafaili. Nikamtoa mtoto aliyekuwa ameegemea meza. Nikachomoa mausi. Inatumika. Nikaanza kumshuku Mangi, si ana nywila. Mwenye kadi anaangalia saa, anaangalia paji la uso wangu, anaangalia saa. Dogo akasema andika fuser -vm ~/Kazi, itakutajia mhusika. Nikaandika kwa hasira, nimjue leo leo.

Ikaleta mstari. Safu ya mtumiaji: jina langu. Safu ya programu: bash, yaani kile kidirisha cheusi ninachoandikia. Pembeni kaherufi c, maana yake huyu mtu amesimama ndani ya folda hiyo. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni, napiga kelele mlango haufungiki.

"Anko, andika cd utoke humo kwanza," dogo akasema, namsikia anajikaza asicheke. "Na usiongeze -k kwenye hiyo fuser. Inaua kila kinachotumia folda, na anayeitumia ni wewe." Nikatoka. Nikapiga umount, ikakubali kama hakukuwa na ugomvi. Kazi zangu zote zikarudi, kadi za harusi juu kabisa. Nikainua kichwa kumwambia mwenyewe. Alishavuka barabara, yuko kwa mwenzangu wa ng'ambo.

Nikaimaunti upya kwenye /mnt, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Risechi nikaitoa. Binti akaja na flashi mpya, akataka na imeji nzima, eti kwa usalama. Flashi tupu kabisa, ikakataa. Ilikuwa na mfumo wa FAT32, na kwenye huo faili moja halifikishi 4GB hata flashi iwe na nafasi ya kulala. Ikabidi dogo aniongoze kuifomati upya kwa exFAT. Binti akaiomba simu. "Kaka, asante sana, Mungu akuzidishie akili." Wakaongea mpaka salio langu likaisha. Akanirudishia simu. "Na wewe anko asante, kwa kushika simu." Akanilipa shilingi 200 ya kuprinti kava.

Sasa jirani, bei ni hizi. Kopi 100. Kuprinti 200. Kuskani 500. Flashi ya kuokoa tunapatana kwanza, na hela mbele. Ikianza kuonekana na kupotea, usiipeleke kuichomeka kwa huyu na yule. Ichomoe, ifunge kwenye karatasi, uilete kama ilivyo. Ila njoo jioni. Mchana dogo yuko darasani.